Wasifu wa bibi aliyezunguka dunia: unaandikwaje usiwe orodha ya nchi?

Mkunjajamvi aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na kazi hii. Pole tumepewa nyingi na tunashukuru, kwa hiyo nendeni moja kwa moja kwenye kazi.

Marehemu ni bibi, nguzo ya ukoo, amefariki akiwa amevuka miaka 90. Amesafiri kwa meli, treni na ndege kwa karibu miaka 60. Vilivyopo mezani ni pasi za kusafiria 5, kadi 2 za chanjo za rangi ya njano, albamu 4, boksi la slaidi, kaseti 11, bahasha iliyojaa postikadi na vipande vya tiketi, na watoto 6 ambao kila mmoja ana habari yake. Zinatakiwa kazi mbili: wasifu wa kusomwa mbele ya watu, dakika 7 zisizidi, kisha kijitabu cha kubaki kwa wajukuu.

Nauliza: mnaanzia wapi? Miaka mnaithibitishaje? Na safari zote hizo zinaingiaje ndani ya dakika 7 bila wasikilizaji kuanza kuchungulia simu?

Mchakura_Makabrasha alijibu:

Poleni sana. Usiandike wasifu bado. Anza na jedwali moja, liwe la kompyuta au la daftari kubwa, lenye safu 5: kuanzia lini, hadi lini, mahali, ushahidi, daraja la uhakika. Tarehe ziandike mwaka-mwezi-siku, kwa mfano 1968-07-14, kompyuta itazipanga yenyewe. Usipojua siku, ishia 1968-07. Usipojua mwaka, andika 196x. Usijaze "01" kwa sababu tu nafasi iko wazi. Miezi sita baadaye hakuna atakayekumbuka kwamba ilikuwa ya kubandika.

Madaraja yawe matatu. A ni karatasi iliyozaliwa siku ya tukio: muhuri wa mpakani, muhuri wa posta, tiketi iliyotumika. B ni karatasi iliyoandikwa baadaye, kama cheti kilichotolewa miaka 20 baada ya mtu kuzaliwa, au maelezo ya nyuma ya picha. C ni kumbukumbu ya mtu. C haimaanishi uongo, ila ikigongana na A, A inashinda.

Sasa pasi. Kabla ya kukimbilia mihuri, soma ilitolewa wapi. Pasi iliyotolewa na ubalozi maana yake mwenyewe alikuwa nje ya nchi yake wakati huo, tena kwa muda wa kutosha kuhitaji pasi mpya. Kisha angalia kurasa za kuongezewa muda na ukurasa wa watoto. Zamani nchi nyingi ziliruhusu watoto waandikwe ndani ya pasi ya mama, kwa hiyo pasi moja ya bibi inaweza kuwa ushahidi wa safari za watoto watatu. Kinyume chake ndicho kinachosahaulika: mke naye aliweza kuandikwa ndani ya pasi ya mume. Kama safari zake za mwanzo wa ndoa hazionekani popote, tafuteni pasi ya babu kabla ya kusema hazikuwepo.

Mihuri ina mitego yake. Wa kwanza ni mpangilio wa tarehe: 04/07 kwa Marekani ni tarehe 7 Aprili, kwingine kwingi ni tarehe 4 Julai. Wa pili ni kalenda. Mwaka 1400 wa Hijria ulianza Novemba 1979, na mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo kujumlisha 579 kila mara kutakupotosha ukienda mbali. Tumia kikokotoo cha kubadilisha tarehe. Kalenda ya Ethiopia iko nyuma kwa miaka 7 au 8 kutegemea mwezi. Wa tatu ni nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya ambako mipaka ya ndani ilifunguliwa kuanzia tarehe 26 Machi 1995 kwa kundi la kwanza la nchi. Muhuri wao una herufi za nchi kona ya juu kushoto, mshale wa kuingia au kutoka kona ya juu kulia, na kijipicha cha ndege, gari, treni au meli. Ukiona ameingia kwa D (Ujerumani) na kutoka kwa F (Ufaransa) wiki tatu baadaye, mihuri haisemi lolote kuhusu katikati. Hapo postikadi na risiti ndizo zinazosema.

Kadi za njano msizidharau, nyingi hutupwa kwa kudhaniwa ni karatasi za hospitali. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na hadi mwaka 2016 kilihesabiwa kuwa hai kwa miaka 10 tu. Cha ndui kilidumu miaka 3, hadi ugonjwa wenyewe ulipotangazwa kutokomezwa mwaka 1980. Watu wengi walichomwa sindano muda mfupi kabla ya safari. Tarehe ya chanjo inaweza kukuonyesha safari ambayo muhuri wake umefutika.

Tiketi: herufi tatu za kiwanja mara nyingi zimebaki za jina la zamani la mji. BOM (Bombay) ni Mumbai, LED (Leningrad) ni Saint Petersburg, SGN (Saigon) ni Ho Chi Minh. Ukisoma LED usiandike kwamba mji huo haupo. Tiketi za karatasi za mashirika makubwa zilikoma katikati ya mwaka 2008, na kuanzia hapo ushahidi uko kwenye barua pepe. Kadi za kupandia ndege zilizochapwa kwa joto (karatasi laini, ya kuteleza, kama risiti ya dukani) hufifia zenyewe. Ziskani leo, na usithubutu kuzipitisha kwenye mashine ya kulamineti: joto litaifanya karatasi nzima iwe nyeusi.

Mwisho, majina ya miji na nchi. Andika jina la wakati huo, la leo liweke kwenye mabano mara ya kwanza tu. Léopoldville ikawa Kinshasa mwaka 1966, Lourenço Marques ikawa Maputo 1976, Salisbury ikawa Harare 1982, Bombay ikawa Mumbai 1995. Ceylon ikawa Sri Lanka 1972, Upper Volta ikawa Burkina Faso 1984. Ukiandika "alifika Harare mwaka 1958", mjukuu atakayetafuta kumbukumbu za mwaka huo kwa jina hilo hatapata kitu.

Slaidi35 alijibu:

Upande wa picha.

Usibandue picha hata moja kabla hujapiga picha ya kila ukurasa wa albamu ukiwa mzima, umewekewa namba. Mpangilio wa albamu ni ushahidi: picha isiyo na maelezo iliyokaa kati ya mbili zenye tarehe tayari imeshakueleza nusu ya habari. Albamu zenye ukurasa wa gundi na plastiki juu ndizo mbaya zaidi. Usivute kona. Chukua uzi wa kusafishia meno usio na ladha, upitishe chini ya picha kwa mwendo wa msumeno, polepole. Ikikataa, iache na uiskani ikiwa palepale.

Picha za karatasi ziskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), mbele na nyuma. Slaidi na negativu za milimita 35 ni habari nyingine. Fremu yake ni milimita 24 kwa 36 tu. Ukiiskani kwa dpi 600 unapata pikseli 850 hivi upande mrefu, ambazo hazijazi hata kioo cha simu. Kwa dpi 4000 unapata karibu pikseli 5,670 kwa 3,780, na hiyo unaweza kuichapisha ukurasa mzima. Hifadhi kama TIFF (faili kubwa isiyopoteza ubora), za kugawa zitoe kama JPEG (faili ndogo). Vumbi liondoe kwa pampu ndogo ya hewa. Ukipuliza kwa mdomo unaacha mate.

Slaidi iliyoskaniwa upande usio wake hugeuza kulia kuwa kushoto. Angalia maandishi ya mabango, usukani wa magari, mkono wenye pete. Kosa hili limo kwenye vijitabu vingi mno.

Kupata mwaka wa picha:

Picha nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zina mwezi na mwaka vilivyochapwa kwenye ukingo mweupe au kwenye fremu ya slaidi. Hiyo ni tarehe ya kusafishwa, si ya kupigwa. Filamu iliweza kukaa ndani ya kamera miezi sita. Kwa hiyo isome kama "si baada ya hapo".

Watoto wachanga ndiyo saa bora kuliko zote. Mtoto ambaye tarehe yake ya kuzaliwa inajulikana, akiwa anatambaa, amekupa dirisha la miezi michache.

Ndege na viwanja: Boeing 747 ilianza kubeba abiria Januari 1970, kwa hiyo picha ya ngazi ya 747 haiwezi kuwa ya 1966 hata nyuma paandikwe nini. Kiwanja cha Idlewild cha New York kiliitwa Kennedy kuanzia Desemba 1963. Kai Tak cha Hong Kong kilifungwa Julai 1998.

Postikadi: stempu za Uingereza zenye "d" (peni ya zamani) kwa kawaida ni za kabla ya Februari 1971, zenye "p" (peni mpya) kwa kawaida ni za baada ya hapo. Anwani ya Ujerumani yenye namba za posta 5 kwa nchi nzima ni ya Julai 1993 na kuendelea. Risiti ya nchi za euro iliyolipwa kwa noti za euro haiwezi kutangulia Januari 2002.

Rangi iliyokuwa nyekundu-nyekundu si kosa la mpiga picha. Kwenye karatasi nyingi za miaka ya 1970 rangi ya samawati hufa kwanza, hata gizani. Rekebisha kwenye nakala, usiguse faili mama. Na ukifungua boksi la negativu ukasikia harufu ya siki, hizo zimeanza kuoza. Zitenge na nyingine, weka mahali pa baridi na pakavu, na ndizo uziskani za kwanza.

Kuandika nyuma: karatasi ya zamani inakubali penseli laini. Karatasi ya plastiki-plastiki haishiki penseli, na kalamu ya wino wa kawaida huacha alama inayotokea upande wa mbele. Hiyo iandikie kwenye bahasha yake.

Na tafadhali, mkitumiana picha kwa WhatsApp zitumeni kama hati. Zikitumwa kama picha hupunguzwa ukubwa, kisha mchapaji anapokea kivuli.

Mkunjajamvi:

Asanteni, hapa nimeshapata kazi ya wiki mbili. Kuna mgongano. Mtoto wa kwanza anasema safari ya kwenda Uingereza mwaka 1969 ilikuwa ya meli na walipita Mfereji wa Suez. Wa tatu anasema ilikuwa ndege. Pasi ina muhuri wa Agosti 1969 lakini jina la mahali halisomeki. Nani wa kuaminiwa?

Mchakura_Makabrasha:

Suez ilifungwa kwa vita ya Juni 1967 na ikafunguliwa tena tarehe 5 Juni 1975. Meli ya abiria haikupita hapo mwaka 1969. Yamebaki matatu: meli ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, au mwaka ni mwingine, au ni safari mbili zilizoungana kichwani zikawa moja. La tatu ndilo la kawaida kuliko yote kwa mtu aliyesafiri sana, na mara nyingi watoto wote wawili huwa wamesema kweli, kila mmoja kuhusu safari yake.

Waulize mmoja mmoja, wasiwe chumba kimoja. Usiulize "ilikuwa 1969, siyo?" maana umeshampa jibu. Uliza: mlilala usiku mangapi njiani? Nani alibebwa? Nani alitapika? Mlipofika, mlishuka kwenye baridi au joto? Meli ina majuma ndani yake, ndege ina usiku mmoja, na mtoto wa miaka sita hawezi kuvichanganya hivyo viwili hata kama mwaka ameusahau.

Muhuri uliofifia: zima taa ya juu, mulika tochi kutoka ubavuni karibu na karatasi, piga picha, kisha ongeza utofauti wa mwanga na giza kwenye simu. Jaribu pia taa ya kukagulia noti bandia, baadhi ya wino hujitokeza chini yake na nyingine hazijitokezi.

Usipoteze muda kutafuta jina lake kwenye orodha za abiria za Uingereza kwa mwaka huo. Mafaili yaliyohifadhiwa huko ya abiria wa meli waliotoka ng'ambo, yaani BT 26, yanaishia 1960, na yale ya waliokuwa wakiondoka, BT 27, vilevile. Kwa safari za kabla ya hapo ni hazina: yana umri, kazi, na mara nyingi anwani alikokuwa akielekea.

Ikishindikana kabisa, kijitabu kiandike matoleo yote mawili, kila moja na jina la msimuliaji. Wasifu wa kusoma uruke njia, useme tu "Agosti 1969 aliingia Uingereza".

Kalamu_Baridi alijibu:

Nimesoma yote, sasa nije kwenye dakika 7.

Ukisoma Kiswahili taratibu mbele ya watu wenye huzuni, kadiria maneno 100 kwa dakika. Vipimo vya Kiingereza vya 130 au 150 visikudanganye: "alipowatembelea" kwetu ni neno moja. Dakika 7 ni maneno 700. Toa mia kwa ajili ya kucheka, kukohoa na sauti kukwama. Andika 600, kisha pima kwa saa ukisoma kwa sauti ukiwa umesimama. Kusoma kimoyomoyo hakupimi chochote.

Kosa kubwa la wasifu wa msafiri ni sentensi hii: "Katika uhai wake alitembelea nchi nyingi zikiwemo Uingereza, India, Misri, Marekani na nyinginezo." Msikilizaji haoni mtu hapo, anaona ramani. Nchi 20 zikisomwa kwa mfululizo hazibaki hata 2 masikioni.

Chagua safari tatu. Moja iliyohamisha maisha yake, akawa mtu wa mahali pengine. Moja iliyomgharimu. Moja aliyoitaka mwenyewe, hakutumwa wala hakufuata mtu. Kila moja ipe maneno 100 hivi, na ijibu manne: kwa nini aliondoka, aliondoka na nani, alibeba nini, alirudi na nini. "Alipanda meli na watoto wawili, mdogo wa miezi minane, na sanduku moja" ni maneno kumi na mawili na mtu ameonekana. Safari nyingine zote zimalizwe kwa sentensi moja yenye namba iliyothibitishwa: "Pasi zake 5 zina mihuri ya nchi" ngapi sijui, hesabu daraja A peke yake.

Kwenye kuhesabu, weka kanuni kwanza na uiandike kwenye kijitabu. Kubadilisha ndege bila kutoka kiwanjani hakuhesabiwi. Halafu amua: nchi za wakati ule au za leo? Aliyefika Leningrad na Kiev mwaka 1978 alikuwa kwenye nchi moja, Umoja wa Kisovieti. Kwa ramani ya leo ni mbili. Prague na Bratislava zilikuwa nchi moja hadi mwisho wa 1992. Ukichanganya kanuni, binamu mmoja atahesabu upya na mtagombana kwa jambo dogo.

Umri. Aliyezaliwa Novemba 1931 akafariki Machi 2025 alikuwa na miaka 93. Mwaka kutoa mwaka unakupa 94, na hiyo ndiyo namba inayochapwa kwenye tangazo la tanzia kila mara. Pia ukikuta tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari, jiulize kama ni ya kweli au karani alijaza kwa kuwa mwaka tu ndio uliojulikana. Linganisha na nafasi yake kwa ndugu zake.

Sasa angalia jedwali lako la safu 5, utafute muongo ulio mtupu. Wasifu mwingi una utoto, una ndoa, kisha unaruka hadi ugonjwa. Kati ya miaka 45 na 75 kuna miaka 30, theluthi moja ya umri wake, na hapo ndipo watoto walikuwa wameondoka nyumbani na yeye ana nguvu bado. Kwa wasafiri wengi ndipo safari zenyewe zilipo. Ugonjwa wa mwisho upe sentensi moja.

Sifa tupu futa. "Mcheshi, mkarimu, mpenda watu" inamfaa kila marehemu. Badala yake weka tendo alilolirudia: alichokuwa akifanya akifika mji mpya, alichokagua mlangoni kabla ya kuondoka.

Majina ya watoto, wajukuu na vitukuu yote yaende kwenye kijitabu. Mdomoni taja idadi tu.

Sarufi_na_Heshima alijibu:

Nakubaliana na Kalamu_Baridi karibu yote, ila kwenye majina hapana. Watoto wa kuzaa watajwe kwa majina, kwa mpangilio wa kuzaliwa, pamoja na waliotangulia. Sita ni sekunde 15. Wajukuu ndio wawe idadi. Na orodha yenyewe ithibitishwe na watu wawili wa matawi tofauti, maana mtoto wa kulea huachwa na tawi moja na kuwekwa na jingine.

La pili ni kitenzi. "Alipenda kusafiri" lisiandikwe mpaka lithibitishwe. Wanawake wengi wa rika lake hawakuzunguka kwa kupenda. Alihamishwa na kazi ya mume. Alifuata matibabu. Alikwenda kumlea binti aliyejifungua. Alikimbia vita. Alitumwa na kanisa, msikiti au chama. Alikwenda kuhiji. Ndipo baadaye, labda, akatembea kwa raha zake. Kiswahili kina kitenzi kwa kila moja. Tumia kile cha kweli na nusu ya hadithi itakuwa imejisimulia. Kwenye jedwali ongeza safu ya sita: sababu.

La tatu, epukeni "ange-" ya kuiga. Naona watu wanaandika "kila asubuhi angeamka na angeandika barua", wakimaanisha mazoea. Kwa msomaji wetu hiyo ni sharti: angeamka kama nini? Mazoea ni "alikuwa akiamka" au "huamka" ikiwa unasimulia kama bado yupo.

Na neno "marehemu" litumike mwanzoni, kisha mwiteni mlivyokuwa mkimwita. Wasifu wenye "marehemu" mara 30 unasomeka kama jalada la mahakama.

Kalamu_Baridi:

Watoto 6 nimekubali. Wangekuwa 13 nisingekubali.

Tepu_Upande_B alijibu:

Kaseti 11, kwa haraka. Kabla ya kucheza, vunja vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. C60 ni dakika 30 kila upande, C90 ni 45. C120 utepe wake ni mwembamba na hunasa kirahisi; zicheze mwisho, kwenye deki nzuri, baada ya kuipeleka mbele hadi mwisho na kuirudisha mara moja ili utepe ukae sawa. Kaseti iliyotoka kwenye baridi iache chumbani siku nzima. Safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti kila baada ya kaseti mbili au tatu, la sivyo sauti itazidi kuwa nzito ukadhani bibi alikuwa anaongea kwa kujifunika.

Rekodi kwa waya kwenda kwenye kompyuta, faili za WAV (sauti isiyobanwa). Simu iliyowekwa mbele ya spika itakurekodia na feni. Usikate kimya na kelele kwenye faili mama. Honi ya meli, tangazo la stesheni au adhana kwa mbali ni ushahidi wa mahali pia. Kisha andika muhtasari wenye dakika: "12:40 anaeleza forodha". Kunakili neno kwa neno saa moja ya sauti hula saa 4 na zaidi, kwa hiyo nakili vipande utakavyotumia tu.

Kufuli alijibu:

Mawili kabla hamjachapisha.

Kijitabu kisionyeshe ukurasa wa pasi wenye namba, tarehe kamili ya kuzaliwa na sahihi. Funikeni kwenye nakala. Tarehe ya kuzaliwa pamoja na jina la ukoo wa mama yake ndivyo benki nyingi zinavyouliza kumtambua mtu, na kijitabu kitafika kwenye mtandao hata mkisema kisifike.

La pili, laini yake ya simu isifungwe haraka. Namba za uthibitisho za barua pepe na akaunti nyingine huja hapo, na bila laini picha na tiketi zake za baada ya 2008 zimefungiwa. Kama aliwahi kuweka mrithi wa akaunti kwenye Apple, au mpango wa akaunti isiyotumika kwenye Google, fuateni njia hiyo. Facebook ikibadilishwa kuwa ya kumbukumbu hakuna anayeingia tena kwa neno la siri, kwa hiyo pakueni picha zinazohitajika kabla ya kuomba hilo, kama sheria za mlipo na wosia wake vinaruhusu.

Mkunjajamvi:

Nimewaelewa. Swali la mwisho: kijitabu kina kurasa 22 kwa rasimu ya sasa. Mchapaji anasema haiwezekani. Kwa nini?

Slaidi35:

Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa 4 za A5. Kijitabu cha kushonwa kwa pini mgongoni lazima kigawanyike kwa 4: 20 au 24, si 22. Nenda 24. Kurasa mbili za ziada weka ramani upande mmoja na jedwali la tarehe upande wa pili. Ndiko nchi zote zilizokatwa kwenye wasifu zitakakopumzika. Kwenye ramani chora mistari ya safari zisizozidi 8, kila muongo rangi yake. Ukichora zote itakuwa utando wa buibui.

Picha ya kujaza ukurasa wa A5 inahitaji pikseli 1,748 kwa 2,480 ili itoke dpi 300, na ikifika hadi ukingoni ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa. Uso wa mtu usikae kwenye mkunjo wa katikati. Maelezo ya picha yaseme nani, wapi, lini, na ya daraja B na C yawekewe "huenda".

Chapisha nakala moja, ikunje, hesabu kurasa, kisha mpe mtu ambaye hakuiona rasimu asome majina yote kwa sauti mbele ya watoto wawili wakubwa. Makosa yote ya majina hutoka hapo. Nyingine zichapwe baada ya hapo.

Mkunjajamvi:

Sawa, 24. Pasi ya babu imepatikana chini ya sanduku. Ukurasa wa 4 bibi yumo, na mihuri miwili ya bandari ya 1957 ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuisikia. Naanza jedwali upya.